Nguchiro na Marundo ya Mawe

Nguchiro hakujua kutulia. Alipokuta msituni marundo saba ya mawe ya kale, yamefunikwa na majani, akakosa raha kabisa.

"Chini yake lazima kuna kitu," alijiambia.

Akafyeka majani, akabomoa rundo la kwanza jiwe kwa jiwe. Akakuta udongo mtupu. Akakimbilia la pili, kisha la tatu, moyo ukimwenda mbio, mpaka na la saba likatawanyika.

Ndipo akatokea Kobe, polepole, na kijiwe mdomoni. Akakitua chini, akatazama huku na huku.

"Shikamoo, bibi," alisema Nguchiro akihema. "Nimeyachunguza yote. Hayana kitu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndani hayana kitu. Huku chui ni wengi, kwa hiyo kila anayepita salama huongeza jiwe moja, ili mwenzake ajue pa kupita."

Nguchiro aliangalia vichaka vilivyomzunguka. Vyote vilifanana. Karibu na hapo chui akanguruma.

"Sasa, bibi, mimi nirudi nyumbani kwa njia ipi?"

"Ile yenye mawe," alijibu Kobe, akaingiza kichwa ndani ya gamba lake.