Mgeni wa Mama Korongo

Nyikani hakukuwa na aliyesifiwa kama Mama Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja kutwa, kichwa kainamisha, akiombea wagonjwa waliolala bandani mwake. Kila wiki Nyegere alimletea mtungi wa asali ya kupaka vidonda, akabarikiwa mlangoni, akarudi kwake ameridhika. Ndani hakuwahi kuingia.

Huko ndani, kidonda cha gotini cha Digidigi kilishaanza kunuka.

"Mama, nipake asali kidogo tu."

"Maumivu ni mgeni kutoka kwa Mungu, mwanangu. Mpokee, usimfukuze." Akampepea kwa bawa lake mpaka akapata usingizi, maana upole alikuwa nao kweli. Asali aliirundika stoo.

Siku moja mwiba ulimchoma Mama Korongo mguuni.

"Asali!" alipiga kelele. "Leteni asali upesi!"

Digidigi alijikokota hadi stoo, akafungua mlango, akaduwaa mbele ya mitungi iliyojaa hadi darini. Alirudi na mmoja.

"Mama, mgeni wako amefika. Nimfukuze?"

Mama Korongo alilitazama goti la Digidigi lililooza. "Mfukuze," alisema.

Digidigi akampaka, kisha akajipaka mwenyewe, akaupitisha mtungi kwa wenzake.

Wakati huo Nyegere alikuwa mlangoni na mkewe, ameleta mtungi mwingine. Alimwona Mama Korongo ameukunja mguu unaouma, kichwa chini, machozi yakimtoka.

"Mtazame," alimnong'oneza mkewe. "Leo anaomba kuliko siku zote."