Milango Mibichi

Fundi Shauri alikuwa ameshang'oa milango yote ya makabati ya jikoni na kuipaka praima, rangi ya kwanza ya chini, ndipo Bi Mwanakombo alipouliza itarudishwa saa ngapi.

"Saa? Siku tano, mama. Bado mikono miwili ya rangi, na kila mkono ukauke."

"Washenga wanakuja leo kumposa binti yangu Saida!"

Fundi akatazama rafu zilizobaki wazi: chumvi tu, na unga usiozidi kiganja kimoja. Akainamisha macho. Bi Mwanakombo akavua kanga mabegani, akaipigilia misumari mbele ya rafu.

Hodi ikabishwa. Dirishani, palipofunguliwa ili praima ikauke, upepo ukaingia na kuanza kuinua pindo la kanga.