Sahani ya Dagaa

Katika nyumba ya Mbaruku, dagaa walikuwa wa mwanamume na mchuzi ulikuwa wa mwanamke. Kwa hiyo dada yake mdogo Sikujua, aliyekuja kumtunza alipofiwa na mkewe, alimsogezea sahani, upande wa dagaa ukimwelekea, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Alijikwaa tu mlangoni, mfupa ukavunjika.

"Nesi kasema nini?"

"Eti hedhi ikishakoma mifupa inapungua nguvu. Nile dagaa wazima wazima, nipate jua, nitembee."

"Na dawa?"

"Zimekwisha."

"Za kwao hazijaisha! Wakubwa wakipiga chafya wanapandishwa ndege. Mke wangu alivunjika nyonga, zahanati wakampa panadoli na pole."

Alikumbuka mkewe alivyokula mchuzi mtupu mbele yake miaka thelathini, na hapo hakumpata mkubwa wa kumlaumu. Akaizungusha sahani mpaka dagaa wote wakawa upande wa Sikujua.

"We kaka, sasa utakula nini?"

"Mchuzi. Kwani umetia sumu?"

Sikujua akacheka. Akachukua dagaa mmoja, akataka kumng'oa kichwa kama alivyozoea.

"Na kichwa."

"Kichungu!"

"Kula wewe. Ukimaliza tunatembea mpaka zahanati, tukawaulize hizo dawa zinakuja lini."

Akatafuna. Mbaruku akaacha tonge mkononi, akawa anasikiliza vile vimifupa vikivunjika kwenye meno ya dada yake.