Kikohozi cha Mideva

Mchungaji aliweka redio mpya ya Neno, ile ya kusikiliza Biblia, juu ya meza yangu hapa mtaani Langas, akaipangusa kwa kiganja. Wamama wa kikundi cha kanisa walikuwa wameshakaa.

"Mzee, tumesafisha sauti ya mama," akaniambia. "Ile kelele yote imetoka."

Kelele ni kikohozi. Mke wangu Mideva ndiye alisoma Maandiko kwa Kilogooli, lugha yetu, wakubwa wa kanisa wakimrekodi. Alipoomba kwenda hospitali, walimwambia amalize kwanza. Alimaliza. Tulimzika Disemba.

Kwa redio ya zamani alikuwa anakohoa pale mjane anamlilia mwanawe, na wamama wote wanamwambia, "Pole, mama," kama vile yuko hapa chumbani. Mimi nilikuwa nanyamaza tu.

Mchungaji akabonyeza kitufe. Mideva akasoma vizuri, kama mtu mwenye afya. Mjane akafika, akalia, akapita.

"Pole, mama," wamama wakasema.

Mchungaji akawaangalia. "Sasa pole ya nini, na hajakohoa?"

Niliweka kidole kwa kile kitufe, nikazima.

"Asante," nikawajibu wamama.