Majivu mu kor

Mama mwenye mutoto mu fanfare, ile bendi ya tarumbeta, usisugue kor yake na majivu kama vile sufuria. Miye nilisugua.

Ile tarumbeta ya kujiviringa iling'aa, nikafurahi. Lakini ku mazoezi, pale Kadutu, mutoto wangu Déogratias akafinya pistoni, zikakataa kushuka. Padri mwenye kuwafundisha akaiinamisha mu mikono ya mutoto, majivu yenye maji ikamwangukia ku kanzu.

« Nani alifanya ujinga hii? Huyo hatapuliza tena mu fanfare yangu! »

Nilikuwa nasimama ku mulango. Mutoto akaangalia makucha yangu. Majivu ilikuwa ingali ndani.

« Ni miye, mon père », Déogratias akajibu mbele yangu.

Padri akanyoosha mikono, Déogratias akamurudishia kor polepole, kama vile wanapokezana mutoto muchanga.

Miye, mikono yangu nilikuwa nimekwisha kuificha mu kikwembe nilichojifunga.