Chumba cha Mbarouk

Siku hizi hakuna anayejenga kwa saruji. Mimba ikionekana tu, fremu ya waya huzamishwa baharini, umeme ukapitishwa, na chokaa iliyomo majini ikaugandia waya mpaka ukawa ukuta. Mtoto akiachishwa ziwa, chumba chake huopolewa kikaunganishwa na nyumba ya wazazi.

Leo mafundi wameleta cha mwanangu Mbarouk, ambaye hakufikisha arubaini.

"Kirudisheni," niliwaambia.

"Tukikiacha majini kitazidi kuota, dada," alijibu mkubwa wao. "Na hakuna mama atakayekubali cha marehemu."

Mume wangu, Makame, aliwaonyesha pa kukiunganisha.

Kinanuka mwani. Dirisha lake liko chini, usawa wa macho ya mtoto. Walipoondoka niliufunga mlango, nikausukumia kabati, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha.

Niliporudi, kabati lilikuwa limesogezwa. Makame alikuwa amepiga magoti ndani, anachungulia nje.

"Mama Mbarouk," aliniita bila kugeuka. Sikuwa nimeitwa hivyo tangu mazishi. "Njoo uone. Kumbe angekuwa anatuona tukirudi."