Ukurasa wa Siku ya Kwanza

Taddeo, msafiri wa Kitaliana, alikuwa anaugua homa kwa wiki ya pili nyumbani kwa Bi Mwanasha. Huku akimnywesha uji, Bi Mwanasha alimwomba mkalimani amsomee daftari la mgeni.

"Siku aliyofika ameandika hivi," mkalimani akasema kwa haya. "'Watu wa mji huu hawana utu. Nilibisha kila mlango, hakuna aliyefungua.'"

"Mwambie siku hiyo mji mzima ulikuwa msibani."

Taddeo alipofasiriwa aliomba kalamu ayafute maneno yale, akapewa, lakini kwanza akauliza ni nani aliyefariki.

"Mwanangu," Bi Mwanasha akajibu. "Hicho alicholalia mgeni ni kitanda chake."

Taddeo aliiweka kalamu chini. Bi Mwanasha akajaza kijiko kingine, akakipuliza, akamsogezea mdomoni, akangoja.